Aya za Kumtia Moyo Mwandishi Aliyerudishiwa Kazi

Wadogo zangu wa chumba cha uhariri,

Siku mliponiaga mlinipa khanga, keki na kazi. Khanga nimeivaa, keki wajukuu wameimaliza, imebaki kazi: niandike jinsi mambo yalivyokuwa ili mpate la kujifunza. Zakaria, ambaye sasa amekalia kiti changu, akaongeza, "Mama Mhariri, andika tu kama unavyoongea." Hiyo ni sentensi niliyowaambia waandishi miaka yote, na leo ndiyo naelewa kwa nini walikuwa wakinitazama vile.

Habari za vyeo nitaziruka. Katika ofisi ya watu wachache kila mtu ni mkuu wa kitu fulani, na mimi niliwahi kuwa mkuu wa idara ambayo mfanyakazi wake alikuwa mimi. Nitawaambia nilivyoanza, waliokuwa wakituandikia, na jambo moja la Kidete ambalo nyie mmelisikia nusunusu.

Nilishuka Kilosa kutoka milima ya Berega nikiwa binti mwembamba mwenye kujiamini kupita kiasi. Nimelelewa na misheni, najua nyimbo za kitabu kwa kichwa, Zaburi nyingi nazitamka bila kuangalia, kwa hiyo nilidhani najua kuandika. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, dirisha lake likitazama reli. Treni ilipopita tulinyamaza wote, hata aliyekuwa akisali. Kazi yetu ilikuwa ile ile mnayoifanya nyie: kijitabu cha masomo ya kila siku, aya kwa juu, maelezo katikati, sala fupi chini. Walioandika walikuwa walimu, wainjilisti, wauguzi na wake wa makasisi, watu waliolima asubuhi na kuandika mchana.

Aliyenipokea ni mhariri, Mzee Elimeleki Madeje, Mkaguru mwenzangu, mtu mrefu aliyevaa koti la suti katika joto la Kilosa kwa sababu, alisema, huwezi kushika Neno ukiwa na mikono mitupu ya shati. Nilimwamkia kwa heshima zote. Akaitikia, akanisogezea Biblia.

"Binti, kazi yetu imetajwa wapi humu?"

Nikajibu haraka kwamba ni kwa Luka, aliyechunguza mambo yote kwa makini kabla ya kuandika.

"Luka ni mwandishi. Mimi nauliza mhariri. Yule anayeshika kalamu ili maneno ya mwingine yafike."

Sikujua. Akafungua Warumi, sura ya mwisho. Pale Paulo anapowasalimia watu wengi hadi msomaji anachoka, mara anajitokeza mtu ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye, anaitwa Tertio, anasema kwamba yeye ndiye aliyeuandika waraka ule, na anawasalimu. Kisha anapotea, Paulo anaendelea.

"Ameandika Warumi yote kwa mkono wake," Mzee Madeje akasema, "amepata aya moja. Ndiyo yetu hiyo. Usitarajie ya pili."

Basi huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa ajira.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Taipureta ilikuwa na ugonjwa mmoja: herufi kubwa ya M iliruka juu ya mstari. Kwa Mungu ilifaa. Kwa Musa tuliweza kuvumilia. Lakini Mafarisayo nao waliinuka kila walipotajwa, na kasisi mmoja alituandikia kuuliza kama tuna maana yoyote. Baada ya kuchapa tulipeleka kwa Bwana Shabani, mtu wa Magole, Mwislamu wa kuswali swala tano, aliyeendesha mashine ya kudurufu, na baadaye zile mashine kubwa, mpaka alipostaafu kabla yangu kidogo. Kwa kuyapitisha maandiko mikononi kila mwezi aliyajua kuliko baadhi ya wainjilisti wetu, na hakuficha. Akikuta makala ina aya isiyolingana na maelezo, aliinua sauti kutoka chumba cha pili: "Mama, huyu naye amefungua wapi?"

Sasa niwaambie juu ya desturi ya aya, maana nyie mmeikuta inakufa.

Mzee Madeje aliamini kwamba Wakristo hawakataliani. "Sisi si ofisi ya halmashauri," alikuwa akisema, "hatumwandikii ndugu kwamba ombi lake halikufanikiwa." Kwa hiyo makala mbaya haikurudishwa na barua. Ilirudishwa na kipande cha karatasi chenye kitabu, sura na aya, basi. Maneno ya aya hayakuandikwa, mwandishi aende mwenyewe kuyatafuta. Nia ilikuwa njema kabisa. Mtu amekesha akiandika, moyo wake uko mkononi mwako, unampa Neno la kumtia nguvu aendelee.

Tatizo ni kwamba Biblia ina mambo machache tu juu ya kuandika, na Mzee Madeje alikuwa mtu wa utaratibu. Makala isiyoeleweka ilipewa Habakuki wa pili, pale nabii anapoambiwa aiandike njozi waziwazi, asomaye aweze kuisoma hata akikimbia. Makala ndefu ilipewa Mhubiri kumi na mbili, kwamba kutunga vitabu hakuna mwisho na kusoma sana kunauchosha mwili. Aliyejisifu alipewa Mithali, mwingine akusifu, si kinywa chako. Aliyeandika nzuri lakini nafasi imejaa alipewa Zaburi ya wapandao kwa machozi, maana yake mavuno ni mwakani. Tulipopoteza karatasi za mtu sisi wenyewe, na ilitokea, tulimtumia Kutoka thelathini na nne, Musa alipoambiwa achonge mbao nyingine mfano wa zile za kwanza. Na aliyeharibu kila kitu, asiyefaa kurekebishwa ila kuanza upya, alipewa Yeremia thelathini na sita: mfalme anakata gombo la nabii vipande vipande anatupa motoni, na Yeremia anachukua gombo jingine, anampa Baruku mwandishi wake, wanaanza tena.

Hata sisi wafanyakazi tulikuwa na ya kwetu. Siku moja nililalamika kwamba jina la mhariri halionekani popote kwenye kijitabu. Mzee Madeje hakuinua macho. Akaandika kwenye kikaratasi, akanisukumia: Yeremia arobaini na tano. Nikasoma. Baruku amechoka, analia kwamba hapati raha, na Mungu anamuuliza kama anajitafutia mambo makuu, na kumwambia asiyatafute. Nikarudi kwenye taipureta.

Watu si wajinga. Haikuchukua muda waandishi wakang'amua. Wakutanapo kwenye mikutano ya kanisa hawakuulizana "umechapwa?" Waliulizana "umepewa nini?" Muuguzi mmoja wa Berega aliniambia kwamba akisikia Habakuki inasomwa kanisani anajisikia tumbo kuuma. Tukawa tumefanya kazi ya ajabu: kuwafanya watu wa Mungu waiogope Biblia, na yote kwa kuwatia moyo.

Aliyeijua vizuri zaidi ni Mwinjilisti Stefano wa Mikumi. Mtu mkarimu, sauti ya kengele, mwandiko wa kuku. Aliandika kila mwezi, na kila mwezi katika makala yake palikuwa na mnyama. Sikumlaumu. Ukikaa Mikumi, ambako tembo anakatiza barabara kuu na malori yanasubiri kama waumini wanaosubiri sadaka iishe, lazima wanyama wakuingie kwenye mahubiri. Tatizo ni kwamba alikuwa akiniambia, "Mama, hii nimepewa na Roho kwa mkupuo mmoja, usiiguse."

Mzee Madeje alimjibu mara moja mbele yangu. "Mwinjilisti, Roho hana kosa. Lakini Luka naye alikuwa na Roho, na bado alikwenda akauliza watu. Umesoma tena ulichoandika?"

"Sijasoma, Mzee. Nilikuwa na haraka ya kukileta."

"Basi tukisome sasa, tuwe wa kwanza wote wawili."

Siku moja alituandikia juu ya yule simba angurumaye wa Waraka wa Petro, nasi kwa uchovu tukaichapa kama ilivyo. Alieleza kwamba muumini akikutana na simba asikimbie, asimame imara katika imani. Kule mjini Kilosa tuliisoma kama mfano. Haikupita muda akaja ofisini bwana mmoja wa hifadhi, mzee wa kanisa pia, kofia mkononi, amekasirika kwa adabu. "Mama, shetani mpingeni sana, mimi niko pamoja nanyi. Lakini simba mwacheni apite." Toleo lililofuata tukaweka ufafanuzi. Stefano akakutana nami sokoni, akanishika mkono hata kabla ya salamu kwisha: "Nakuomba, safari hii usinipe Habakuki. Nipe hata Maombolezo."

Nilicheka sana siku hiyo. Mzee Madeje alipostaafu, na baadaye akatutoka, nilirithi kalamu yake nyekundu na desturi yake, na sikuona sababu ya kuibadilisha. Simu za mkononi zilipokuja ikawa rahisi zaidi: kikaratasi kikawa ujumbe, na ujumbe ukawa mfupi mpaka "Hab 2:2" peke yake. Teknolojia ilituwezesha kumtia mtu moyo kwa sekunde moja.

Angalieni jambo moja katika desturi hii, maana ndilo lililotuponza. Kazi mbaya ilikuwa na aya. Kazi nzuri haikuwa na kitu. Kazi nzuri ilichapwa tu, na mwandishi akajionea mwenyewe kijitabu kikifika parokiani, kama kilifika.

Mwalimu Tabea wa Kidete alikuwa mtu wa kazi nzuri. Mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mkubwa kwangu kiumri, mume wake alikuwa mtu wa gengi la reli, wale wanaotembea juu ya njia baada ya mvua kuangalia kama mto Mkondoa haujala tuta. Aliandika kidogo na kwa usafi, sikumbuki kumrudishia kitu. Maana yake, kwa utaratibu wetu, sikumbuki pia kumwambia neno.

Mume wake alipofariki alinyamaza muda mrefu. Kisha nikamwomba aandike masomo ya Novemba, mwezi tunaowakumbuka waliotutangulia. Alikubali kwa mashaka. Akaniletea mwanzo kwanza, ukurasa mmoja kwa mkono wa abiria wa treni, na kikaratasi: "Kama haufai niambieni mapema, nisijisumbue na mengine. Kuandika haya kunaniumiza."

Ukurasa ule ulianza hivi: siku ya kwanza baada ya matanga, wageni wote wamekwenda, alisonga ugali wa watu wawili, na alipogundua alikuwa ameshaupakua. Hapakuwa na "ndugu wapendwa." Hapakuwa na simba. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasoma tena, na kalamu nyekundu ikakaa mezani. Nilimpelekea Bwana Shabani asome. Alikuja nao mwenyewe badala ya kuinua sauti kutoka chumba cha pili, akasema, "Huu uchapwe ulivyo." Nikauweka kwenye bahasha safi. Kumjibu sikumjibu, kwa sababu ulikuwa mzuri.

Masika yale Mkondoa ulitoka kwenye njia yake. Kasisi wa kule akapiga simu kuomba mablanketi, na katikati ya habari zake akasema nyumba ya Mwalimu Tabea imeingiwa na maji, yeye mwenyewe yuko salama kwa dada yake mlimani, lakini vitu vimekwenda, pamoja na karatasi alizokuwa akiandika. Roho iliniuma kwelikweli. Nikatafuta neno la kumpa. Na moyoni likaja moja tu, lililofaa kuliko yote duniani kwa mtu ambaye maandiko yake yameharibiwa: gombo limeteketea, chukua jingine, anza tena. Nikashika simu, nikaandika kama nilivyozoea: "Yer 36:32. Tuko pamoja."

Jibu lilikuja jioni. "Nimeelewa. Bwana awabariki."

Nikaridhika. Nilidhani nimefanya jambo zuri la kichungaji.

Wiki zikapita. Kurasa hazikuja. Simu yake ikawa haipatikani. Siku moja Bwana Shabani akasimama mlangoni, anapangusa wino vidoleni, anauliza Novemba iko wapi.

"Namsubiri Mwalimu Tabea. Nilimtumia neno la kumtia moyo kabisa."

"Ulimpa nini?"

"Yeremia thelathini na sita."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kumbe mmemkataa."

"Shabani! Maji yalichukua karatasi zake!"

"Yeye alijua kwamba unajua habari za maji?"

Hakujua. Alichokijua ni kwamba alileta ukurasa mmoja, akaomba aambiwe mapema kama haufai, na ofisi imemjibu Yeremia. Kila mwandishi wa wilaya hii alijua Yeremia ni nini. Choma, anza upya. Mwanamke amepoteza nyumba, na sisi tukamwambia kwamba hata ule ugali wa watu wawili hatuutaki.

Nilishika simu haraka nimpe aya nyingine kupitia kwa kasisi, ya kufuta ile ya kwanza. Ndipo nikaona tulipofika. Habakuki ingemwambia haeleweki. Zaburi ya machozi, na kweli alikuwa na machozi, ingemwambia angoje mwakani. Kutoka ingemwambia karatasi zake tumezipoteza sisi. Nilifunua Biblia mbele na nyuma. Tulikuwa tumezitumia zote. Biblia nzima iko mezani kwangu, nami sina neno la kumpa mtu mmoja wa Kidete.

"Nenda," Bwana Shabani akasema.

Reli ya zamani ilikuwa bado imekatwa, kwa hiyo nilikwenda kwa bodaboda, mwanamke wa umri wangu nikiwa nimemshikilia kijana wa watu kiunoni na kumwomba Mungu anisamehe. Penye matope tulishuka tukasukuma. Nilifika kwa dada yake nikiwa na udongo mpaka kwenye kilemba. Mwalimu Tabea alikuwa uani anaanika mahindi yaliyoingiwa na maji. Dada yake akasema jambo kwa Kisagara, ambacho sisi Wakaguru tunakisikia nusu, na nusu niliyoisikia ilitosha kunijulisha kwamba nimefika mahali ambapo nimekuwa nikizungumzwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu." Akanitazama kwa kubana macho. "Ni nani? Miwani sina."

"Ni mimi, Mama Mhariri wa Kilosa."

Akaacha mahindi. "Umekuja na aya?"

"Sina aya, Mwalimu."

"Mungu ni mwema. Basi kaa."

Nikakaa. Tukapeana pole na za huku na za kule, kama inavyotakiwa. Mwishoni nikasema ile Yeremia niliyotuma haikuwa ya ofisini, ilikuwa ya kwenye Biblia.

"Kwani ziko mbili?"

"Sisi ndio tuliozifanya mbili."

Nikamwambia yale niliyotakiwa kumwambia tangu mwanzo: kwamba ukurasa wake ni mzuri, kwamba nilisoma nimesimama nikaketi, kwamba Bwana Shabani amesema uchapwe ulivyo, kwamba uko kwenye bahasha na haujaguswa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika kazi hii kumwambia mwandishi kwa mdomo wangu kwamba ameandika vizuri. Maneno yalitoka kwa shida kama lugha ya kigeni.

Mwalimu Tabea akalia. Kisha akacheka huku analia. "Dada aliponisomea ujumbe, nilijua mmeukataa kwa sababu ya ugali. Nikasema, watu wa kanisa hawataki ugali, wanataka makao ya milele."

"Utaandika mengine?"

"Kwa macho yapi? Mto umechukua karatasi, ukachukua na miwani ili nisione kwamba karatasi hazipo."

Nilitoa kwenye mkoba karatasi na kalamu. Ya buluu. Nikasema, "Wewe sema, mimi naandika."

Tulikaa pale uani, yeye anageuza mahindi juani, mimi na karatasi juu ya magoti. Mwanzoni alisitasita. Kisha akazoea, akawa anasema kwa ule utaratibu wa mwalimu wa kutoa imla, anarudia kila sentensi. Alipofika kwenye mambo ya mume wake akasema:

"Koti lake la kazi lilikuwa bado msumarini nyuma ya mlango. Nilikuwa nalipita kila siku. Maji yamelichukua. Maisha yake yote aliuzuia mto usiifikie reli, na mto umekuja nyumbani kuchukua koti. Leo ndiyo nimekuwa mjane."

Mkono wangu ukaandika, na kwa mazoea mabaya ya kazi, ukaandika "leo ndiyo nimefiwa upya," kwa sababu niliona inatiririka vizuri zaidi.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma.

"Hilo la mwisho si langu."

"Ni kazi yangu, Mwalimu, kulainisha kidogo."

"Leo si kazi yako. Leo wewe ni Baruku. Baruku alimlainisha Yeremia?"

Nikakata, nikarudisha neno lake. Tukaendelea mpaka jua likahama uani. Tulipopumzika aliniambia kwamba habari ya koti haikuwamo katika zile karatasi zilizopotea. "Nisingeweza kuiandika. Koti lilikuwa bado lipo." Na hapo ndipo nilipokumbuka jinsi ile sura inavyomalizika. Gombo la pili la Yeremia halikuwa sawa na la kwanza. Maneno mengine mengi ya namna hiyo yaliongezwa ndani yake. Nilikuwa nimeituma sura ile kwa watu miaka na miaka na sikuwahi kugundua kilichomo: nabii alipochomewa kazi yake hakutumiwa kikaratasi. Aliletewa mtu mwenye kalamu, akakaa naye.

Tulipomaliza, Mwalimu Tabea akauliza, "Yule mwandishi wa Warumi, jina lake nani?"

"Tertio."

"Alijiweka. Na wewe jiweke hapo chini, uwasalimu watu. Umeandika yote haya."

Nikamwambia kijitabu chetu hakina nafasi ya salamu za mhariri. Akaguna. Alikuwa amefundisha watoto wakaidi wengi, akaniacha.

Novemba ile ilichapwa kama alivyosema yeye, ugali na koti. Wajane walikuja ofisini, wengine kwa miguu, kuomba nakala za ziada, na Bwana Shabani alirudia kuchapa bila kunung'unika. Mwinjilisti Stefano aliniambia imemliza, na kwamba laiti pangekuwa na tembo hata mmoja. Mwalimu Tabea tulimtafutia miwani. Anaandika mpaka leo, na kama mjuavyo, hupiga simu mwenyewe kuuliza mmeionaje. Mjibuni. Msimtumie alama za dole gumba.

Desturi ya aya niliiacha ife taratibu. Nilimpigia simu kila mwandishi, mbaya nikamwambia mbaya, nzuri nikamwambia nzuri, na nawaambia ukweli kwamba kikaratasi kilikuwa rahisi zaidi. Baadhi walikasirika. Mmoja alinisihi nimrudishie Habakuki yake, kwamba ile angalau ilimkataa kwa heshima.

Siku ya kuniaga, pamoja na keki na khanga, mlinipa fremu nzuri ya mbao yenye maandishi ya dhahabu: "Yeremia 36:32." Nyie ni vijana, wengi wenu mmekuja baada ya mambo haya, nami nikashukuru kwa machozi. Nimeitundika sebuleni. Kila asubuhi naipita na chai yangu mkononi na kujiuliza kama mmenitakia heri au mmenirudishia kazi.

Nimeamua ni ile ya kwenye Biblia. Kwa hiyo nimechukua karatasi nyingine, nimeandika haya, na yakiwa marefu mnajua Mhubiri inasema nini. Limebaki jambo moja ambalo Mwalimu Tabea aliniagiza pale uani nami nikamkatalia kwa sababu ya nafasi. Leo nafasi ipo, na mhariri ni Zakaria, akitaka alikate.

Mimi, Loi wa Berega, niliyeandika kwa mkono wangu maneno ya Mwalimu Tabea wa Kidete, na ya wengine wengi waliochapwa majina yao, nawasalimu.

Mzee Madeje alisema nisitarajie aya ya pili. Hii hapa.